Ndoo Mbili Jukwaani

Bi. Lavinia Crouch hakuwa na umbo la jukwaani. Alikuwa mfupi, mnene wa kiuno, umri wake miaka hamsini na minane, na jicho lake la kushoto lilichuruzika machozi kila penye vumbi. Nebraska mwezi wa Julai haina kingine ila vumbi. Siku niliyotumwa stesheni kumpokea nilimpita mara mbili nikimtafuta mhadhiri. Mara ya tatu yeye ndiye aliyenishika mkono.

"Binti, unayemtafuta ni mrefu kuliko mimi, siyo?"

"Namtafuta Bi. Crouch, mama."

"Basi mtafute chini kidogo."

Hicho kilikuwa kiangazi cha mwaka 1922. Mimi, Orpha Lindgren, nilikuwa mwalimu wa shule mwenye miaka ishirini na minne, na likizo ile nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo iliyozungusha hema la mihadhara katika miji ya wakulima. Kila mji tulikaa siku tatu. Tulikuwa na bendi ya tarumbeta, mfanya mazingaombwe, bwana mmoja aliyewahi kufika Uchina na asiyeacha mtu asahau, na siku ya mwisho, mchana, Bi. Lavinia. Kazi yangu ilikuwa kusimamia jukwaa na kuwatambulisha wasemaji.

Mara ya kwanza nilimtambulisha kwa dakika tisa. Nilitaja mahali alipozaliwa, shule alizofundisha, hata jina la marehemu mumewe. Aliponipita kupanda jukwaani alininong'oneza, "Umenizika vizuri, mwanangu. Sasa ngoja nifufuke."

Baadaye akaniambia, "Taja jina langu, kisha toka. Watu wamekuja na hamu yao. Usiimalize wewe."

Mhadhara wake ulihusu maji. Si maji ya mito wala ya bahari, bali maji ya jikoni. Miaka ile mkulima wa kwetu alikuwa na mashine ya kupandia, mashine ya kuvunia, na aliyejaliwa alikuwa na trekta. Lakini mkewe alitoka nje na ndoo kwenda kisimani, akarudi, akatoka tena, kiangazi na kwenye theluji, wakati bomba na pampu ya mkono ya kufunga kando ya sinki vilipatikana katika kila duka la vifaa. Bi. Lavinia alizunguka akiwaambia watu jambo hilo. Ukilisikia hivi unaona ni jambo la kuchosha. Nami nilidhani hivyo. Nilimsikia akilisema mara kumi na nane, na hata mara moja sikusinzia.

Nilitaka kujua siri yake ni nini. Niliandika maneno yake yote kwenye daftari, neno kwa neno, na nilipoyasoma kwenye treni yalikuwa kama viazi vilivyopoa. Siri haikuwa kwenye maneno. Ndipo nikaanza kumfuata tangu asubuhi.

Asubuhi ya mhadhara alitembea mjini. Aliingia kila duka akanunua kifungo kimoja cha shati, kimoja tu, na wakati mwenye duka akitafuta kifungo yeye aliuliza habari za ngano, za mvua, za ndama aliyezaliwa na miguu mibovu. Mkoba wake ulikuwa umejaa vifungo visivyolingana. Kufikia saa tano alijua majina ya watu arobaini. Kisha alikuja hemani, akapanda jukwaani akikanyaga ubao mmoja mmoja kwa kisigino, na ubao uliolia aliniambia niupige alama ya chaki ili asiusimamie akifika mahali pa kunyamaza. Halafu alikwenda kukaa benchi la mwisho kabisa, akaniamuru nisome gazeti kutoka jukwaani.

"Sikusikii!"

Nilipaza sauti.

"Sasa unanigombeza. Sijakukosea kitu. Usipige kelele, Orpha, sukuma neno lifike. Nitazame mimi, halafu lilete mpaka hapa nilipo."

Mchana watu walipojaa, akina mama wakijipepea kwa makaratasi, wanaume wamevua makoti, yeye alitoka mbele na hakusema kitu. Alisimama tu akiwatazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta wageni anaowapenda. Alingoja mpaka mtu mmoja atabasamu. Kisha alianza kwa kusema na huyo mmoja.

"Bwana Amundsen," alisema siku moja, "umeniambia asubuhi kwamba kisima chako kina maji matamu kuliko vyote wilayani. Nimepita nimeyaonja. Hukusema uongo. Sasa swali langu ni dogo. Mara ya mwisho wewe kuyachota ilikuwa lini?"

Hema lilicheka mpaka kamba zikatikisika, na Bwana Amundsen alicheka kuliko wote, maana hakuwa ameambiwa kwa ubaya.

Kisha zilikuja ndoo. Zilikuwa mbili za bati, kila moja na galoni tatu za maji, yaani ratili ishirini na tano kila mkono. Aliomba mwanamume mwenye nguvu apande azishike, azishike tu bila kuziweka chini, wakati yeye akisema. Wa kwanza aliziweka dakika ya nne. Hodari kuliko wote alifika dakika ya nane. Ndoo zilipogusa mbao, Bi. Lavinia alikatiza sentensi yake hapohapo, akazitazama, akasema taratibu, "Pole, kaka. Na bado hujapiga hatua hata moja." Wanawake walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka tulipofika mji wa Tolliver.

Huko mwenyekiti wa kamati iliyotualika alikuwa Thurlow Beckwith. Alikuwa na mikono kama magogo. Ujanani alishindana mieleka kwenye maonyesho ya wakulima, na mkoa mzima ulikuwa haujasahau. Alitukaribisha chakula cha mchana nyumbani kwake: kuku wa kukaanga, mahindi ya kuchemsha, pai ya tufaha. Mkewe, Idella, mwanamke mwembamba asiye na maneno, alitoka na kuingia. Mara moja Bi. Lavinia aliinuka amsaidie.

"Kaa, mama. Nimezoea," Idella alisema, akatoka na ndoo.

Thurlow alifuta mdomo. "Bi. Crouch, habari za mchezo wako wa ndoo zimekutangulia. Wameniambia watu wa Hadley waliziweka chini dakika ya nne."

"Ni kweli."

"Watu wa Hadley ni wapima vitambaa wa madukani. Leo nitapanda mimi. Na nakwambia mapema, mama, sauti yako itachoka kabla ya mikono yangu."

"Karibu sana," Bi. Lavinia alisema, akaongeza kipande cha pai. Lakini nilimwona akiitazama mikono ile.

Nilimtambulisha kwa maneno sita. Hema lilikuwa limejaa, watu mia saba au zaidi, wengine wamesimama nje chini ya pindo la turubai. Alianza vizuri, wakacheka, wakatulia. Alipoomba mwanamume mwenye nguvu, watu wote waligeuka kumtazama Thurlow, naye akapanda akikunja mikono ya shati kama mtu aendaye kuchinja fahali.

Dakika ya nne ilipita. Ya nane ikapita. Kaka mmoja benchi la mbele alitoa saa yake ya mfukoni.

"Dakika kumi, Thurlow!"

"Hiyo ni salamu tu!" Thurlow akajibu, na hema likashangilia.

Hapo ndipo niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Bi. Lavinia alikuwa anasema, na watu hawakuwa naye. Macho ya watu mia saba yalikuwa kwenye mikono ya Thurlow. Alishusha sauti; hawakuinama kusikiliza. Akatoa mzaha wake bora, ule wa mkulima aliyemjengea nguruwe bafu. Walicheka robo cheko, kisha wakarudi kwenye ndoo.

"Dakika kumi na tano!"

"Jamani, mwacheni mama aseme!" mtu mmoja alipiga kelele kwa nyuma.

"Nani kamzuia? Aseme! Sisi tunatazama tu!"

Nilisimama pembeni ya pazia nikiwaza kwamba kama ningekuwa mimi ningekimbia, au ningepandisha sauti, au ningemwomba Thurlow ashuke, na yote matatu yangekuwa kushindwa. Nilimwona Bi. Lavinia akifika katikati ya sentensi kuhusu mabomba, na akaiacha sentensi hapohapo, haijakwisha. Akafunga mdomo. Kisha akafanya jambo la ajabu: akageuka akawapa mgongo nusu, akamtazama Thurlow pamoja nao.

Hema likatulia kidogo. Watu hawakutarajia.

"Mnatazama nini hasa?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechelewa kufika kwenye mechi na kuuliza jirani.

"Mikono!" walijibu.

"Inatetemeka?"

"Bado!"

"Bwana Beckwith, umechoka?"

"Hata kidogo, mama." Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kidevu.

"Mimi nakuamini. Hebu niambieni basi, ninyi mnaoona vizuri kuliko mimi, maana jicho langu hili ni bovu. Hizo ndoo ni nzito kweli, au tumezipa sifa tu?"

Watu wakaanza kubishana. Huyu akasema nzito, yule akasema yeye hubeba magunia. Na ndani ya makelele yale, sauti moja ya kike, si kubwa, ilisema kutoka benchi la tatu:

"Hazijajaa hizo."

Nadhani walioisikia hawakufika ishirini. Bi. Lavinia aliisikia. Aliinua kiganja, na hema lote likanyamaza.

"Nani amesema?"

Akina mama wa benchi la tatu waligeuza vichwa, wote upande mmoja, na mwisho wa macho yao alikaa Idella Beckwith, uso umemwiva kwa haya.

"Bi. Beckwith," Bi. Lavinia alisema, "njoo utuonyeshe ndoo iliyojaa inakuwaje."

Idella alitikisa kichwa.

Mtu mwingine angemsihi, au angewaambia watu wampigie makofi apande kwa aibu. Bi. Lavinia hakusema kitu. Alingoja. Hakuwa anangoja kwa kumsukuma. Uso wake ulisema wazi kwamba ukikaa ni sawa, na ukija ni sawa. Nilisikia nzi akigonga turubai. Kisha Idella alimkabidhi jirani pochi yake, akainuka, akapanda ngazi.

Hakumtazama mumewe usoni. Alinyoosha mikono tu, kama anavyopokea kitu kila siku, na Thurlow, sijui kwa mshangao au kwa mazoea, akampa.

Idella akashuka nazo. Akapita njia ya katikati ya mabenchi, juu ya nyasi zilizokanyagwa, hatua zake fupi za haraka, mabega sawa, na maji hayakuruka hata tone. Akatoka nje ya hema. Tukasikia pampu ya bustani ya mji ikilia kwi, kwi, kwi. Akarudi. Ndoo zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni, maji yamepanda juu kama yanataka kumwagika na hayamwagiki. Alipanda ngazi akaziweka mbele ya Bi. Lavinia bila kishindo, akajifuta viganja kwenye sketi.

"Hivi," alisema. "Ukiacha nafasi juu, unaongeza safari."

Muda huo wote, kwenda na kurudi, Bi. Lavinia hakuwa ametamka neno moja. Mhadhiri aliyelipwa kusema, watu mia saba mbele yake, alisimama kimya akisikiliza pampu pamoja nao. Hakukohoa, hakuchekesha, hakutuambia tufikirie nini. Nilitazama mabenchi yale. Wanaume walikuwa wakitazama viatu vyao, na bibi mmoja wa mbele alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Ndipo akauliza, kama mtu na shoga yake mlangoni, "Leo umeshakwenda mara ngapi, Bi. Beckwith?"

"Tangu asubuhi? Kumi na moja. Leo si siku ya kufua."

Wanawake wakacheka, cheko la watu wanaojua.

"Na mmeoana lini?"

"Huu ni mwaka wetu wa kumi na tisa."

"Kisima kiko hatua ngapi?"

"Sitini na nne. Nilizihesabu majira ya barafu."

Bi. Lavinia akawageukia watu. "Haya, mafundi wa hesabu, nisaidieni." Wakapiga hesabu pamoja naye kwa sauti, mmoja akisahihisha mwingine, mpaka wakafika kama maili mia mbili kwa mwaka, na kwa miaka yote ile, kutoka Tolliver mpaka New York na kurudi, na bado safari ya kukaribia San Francisco. Nusu ya njia ikiwa na ratili hamsini mikononi.

"Idella," Thurlow alisema. Alikuwa bado amesimama pale, vidole vyake vimekunjamana kama bado vimeshika waya wa ndoo. Nadhani alisahau kwamba tulikuwa tunamsikia. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwaka ule uliponunua trekta."

"Lo!" mtu alisema, na hema likaanza kuchemka. "Thurlow, umepatikana!" "Mieleka imekwisha, kaka!"

Na hapa ndipo nilipompenda Bi. Lavinia, maana mpaka hapo nilikuwa namstaajabia tu. Mtu yule alikuwa amekuja kumshinda mbele za watu. Sasa alikuwa mkononi mwake, neno moja tu lingemmaliza. Bi. Lavinia alikwenda akasimama karibu naye, bega lake likifika kwenye kiwiko cha Thurlow, akangoja kelele zipungue.

"Nimesimama kwenye majukwaa miaka sita," alisema. "Huyu ndiye mwanamume wa kwanza kuzishika dakika ishirini na mbili. Wanaume wote mnaomcheka hapa, ngazi ya jukwaa iko wazi." Hakuna aliyejitokeza. "Basi mtu huyu anaijua ndoo kuliko ninyi nyote, isipokuwa mmoja. Nataka tuwasalimu wote wawili."

Akatoa leso yake nyeupe akaipunga juu, ile salamu tunayowapa watu wa heshima kwenye mahema yetu. Kwanza akina mama, kisha wanaume, hema zima likawa jeupe kwa leso. Thurlow aliinamisha kichwa. Nilimwona akimpa Idella mkono ashuke ngazi, kwa uangalifu kama anamshusha kutoka kwenye gari la harusi.

Asubuhi yake stesheni nilikuwa bado nimechangamka. "Mama, umepata dawa! Kila mji tumwite mke wa mtu mmoja apande, achote, arudi. Watu watalia."

"Hapana."

"Lakini uliona—"

"Niliona. Idella si ndoo, Orpha. Siwezi kumfunga kamba nikazunguka naye. Alikuja kwa sababu alikuwa na neno, na alilisema mwenyewe." Alijifuta jicho lake bovu. "Tena usinisifu mno. Jana dakika kumi nzima nilikuwa nasema na mhadhara wangu badala ya kusema na watu. Walikuwa wameniambia wazi wanachotaka kutazama, na mimi nashindana nao. Kama yule mama angenong'ona mapema zaidi nisingemsikia."

Treni ilipokuja alibeba mkoba wake mwenyewe, kama kawaida.

Mwezi wa Oktoba, nikiwa nimesharudi shuleni, alinitumia barua aliyoipata kutoka Tolliver. Idella alikuwa ameandika mistari minne. Pampu ilikuwa imefungwa kando ya sinki. Thurlow alichimba mtaro mwenyewe, siku nne. Na kila mgeni akifika, alisema, kabla hajavua kofia hupelekwa jikoni kuonyeshwa, na Thurlow huisukuma mara mbili tatu akieleza inavyofanya kazi, kama vile maji ni yeye aliyeyabuni.

Lakini kabla ya barua hiyo, siku tatu baada ya Tolliver, tulikuwa Wexler, na Wexler mvua ilinyesha tangu alfajiri. Barabara zikawa tope. Katika hema la kukaa watu mia nane walikuja arobaini na mmoja, wamelowa, wametawanyika huku wanne, kule sita. Bendi ilikwishakataa kupiga. Nilimwambia Bi. Lavinia hakuna atakayemlaumu akifupisha.

"Hawa wamepita kwenye tope," alisema. "Niwape kidogo kwa sababu wenzao hawakuja?"

Hakupanda jukwaani kabisa. Alivuta kiti mpaka kwenye nyasi, akawaambia wasogee, wasogee tena, mpaka magoti yakakaribiana. Alikuwepo mzee mmoja Mswidi asiyesikia vizuri. Alimkalisha mkabala naye, na mhadhara wote aliusema akiutazama uso wa mzee yule, polepole, kila neno limekamilika, na kwa sababu hiyo wengine wote arobaini walimsikia juu ya kelele ya mvua kwenye turubai. Hakutumia ndoo. Aliuliza habari zao, wakamjibu, na majibu yao akayageuza kuwa mhadhara, hata sikujua tena kipi alikuja nacho na kipi alikipata pale.

Wakati fulani mvua ilikatika. Farasi walikuwa wakipiga kwato nje, na hakuna aliyeinuka. Kengele ya kumaliza kipindi ilikuwa mapajani mwangu, na kuipiga ilikuwa kazi yangu. Nilipokumbuka kutazama saa, tulikuwa tumezidisha dakika hamsini, nikaishika kengele.

"Endelea, mama," mzee Mswidi alisema. "Ng'ombe watangoja."